Kipima mnato hakirudii jibu lilelile kwenye rangi ya maji: tatizo ni kifaa au sampuli?

AfisaUbora_Pwani

Wanajukwaa, habari za kazi. Ninasimamia maabara ndogo ya kiwanda cha rangi za maji hapa Dar es Salaam. Mnato, yaani uzito wa rangi katika kutiririka, tunaupima kwa kipima mnato cha kuzungusha, spindeli (mhimili wenye sahani unaozunguka ndani ya rangi) namba 4 ya aina ya RV, mizunguko 20 kwa dakika, na bechi inapita iwapo jibu liko kati ya sentipoizi (kizio cha mnato) 4,000 na 5,500. Mkaguzi wa nje ametutaka tuthibitishe kwa takwimu kwamba kipimo chetu kinarudia jibu lilelile, nasi tukafuata utaratibu wa mwongozo wa AIAG, chama cha sekta ya magari cha Marekani: sampuli 10, wapimaji 3, kila mmoja akirudia vipimo vyake. Tofauti inayotokana na upimaji wenyewe imefikia asilimia 43 ya upana wa kiwango chetu, ilhali mwongozo huo unaona vyema isizidi 10, na ikipita 30 mfumo haufai.

Kifaa kina cheti cha ugezi, yaani cha kulinganishwa na kipimo sanifu, ambacho muda wake haujaisha. Nilijaza rangi kwenye bika (chombo cha maabara) moja, nikaipima mfululizo mwenyewe, nikapata 4,820, 4,710, 4,640, 4,600 na 4,570. Uongozi sasa unafikiria kununua kifaa kipya, na mimi sitaki tutumie fedha hizo kabla ya kujua tatizo liko wapi. Naomba ushauri wenu.

Mgezi_Mkongwe

Ndugu, kabla ya kukokotoa chochote, zitazame namba zako kwa mpangilio ulivyozisoma. Kifaa kinachoyumba huleta majibu yanayopanda na kushuka bila utaratibu, lakini yako yanashuka tu, tena kila hatua ni fupi kuliko iliyotangulia. Hiyo ni tabia ya rangi. Rangi ya maji hulegea inapozungushwa na hukaza tena inapoachwa itulie, kwa hiyo kipimo cha kwanza kilishaibadilisha sampuli kabla ya kipimo cha pili. Mkengeuko sanifu wa namba zako tano, yaani kipimo cha jinsi zinavyotawanyika kuzunguka wastani wake, ni karibu 100. Ukiuzidisha mara sita na kuugawa kwa upana wa kiwango chako, yaani 1,500, unapata asilimia 40. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya ile 43 inaweza kuelezwa na kulegea kwa rangi peke yake, bila kumlaumu mpimaji wala kifaa.

Tenganisha mambo mawili. Kwanza kipime kifaa kwa mafuta sanifu ya silikoni, ambayo mnato wake haubadiliki kwa kuzungushwa, huku bika ikiwa ndani ya beseni la maji lenye kidhibiti joto kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Hili la joto naomba ulisimamie mwenyewe, kwa sababu mnato wa mafuta hayo hushuka kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, na chumba cha Dar kisicho na kiyoyozi kinaweza kupita nyuzi 30 kabla ya adhuhuri. Pili, rangi yenyewe uichukulie kama sampuli inayoharibika kwa kupimwa: changanya bechi moja vizuri, igawe kwenye makopo yenye mifuniko, na kila kopo lipimwe mara moja tu.

BiKemia

Naunga mkono, ila kugawa makopo hakutoshi ikiwa kila mpimaji ana namna yake ya kuishika rangi. Andikeni na kufuata muda wa kukoroga, muda wa kuiacha itulie, na sekunde ambayo namba inasomwa baada ya mota kuanza. Katika maabara nyingi nilizozikuta, mmoja anasoma mara namba inapotokea, mwingine anasubiri mpaka "itulie", na kwenye rangi inayolegea, hayo ni majibu ya maswali mawili tofauti. Spindeli nayo iingizwe kwa kuilaza kidogo, kisha isimamishwe na kufungwa, kwa sababu ikiteremshwa wima hunasa hewa chini ya sahani yake. Kina kifike kwenye alama iliyochongwa kwenye mhimili. Bika iwe ya mililita 600 siku zote, maana bika nyembamba hupandisha jibu.

AfisaUbora_Pwani

Nawashukuru sana. Mafuta sanifu kwenye nyuzi 25 yametoa 4,905, 4,895, 4,900, 4,910 na 4,890. Kisha makopo matano ya bechi moja, yote kwa utaratibu wa Bi Kemia, yakatoa 4,815, 4,790, 4,830, 4,800 na 4,825. Je, naweza kumpelekea mkaguzi namba hizi?

Mgezi_Mkongwe

Kwa kifaa, ndiyo. Mkengeuko wa mafuta ni karibu 8, na ukiuzidisha kwa 2.8 kama kanuni ya ISO 5725, kiwango cha kimataifa cha usahihi wa vipimo, inavyoelekeza, unapata kikomo cha 22: vipimo viwili vya mtu mmoja, katika hali ileile, visitofautiane zaidi ya hapo isipokuwa mara chache, takriban mara 5 katika 100. Kifaa hiki hakihitaji kubadilishwa. Kwa rangi, mkengeuko umeshuka kutoka 100 hadi 17, na ukiuzidisha mara sita kama awali ni asilimia 7 hivi ya upana wa kiwango, na ndani yake zimo pia tofauti ndogo kati ya kopo na kopo. Hata hivyo huyo ni mpimaji mmoja. Rudieni zoezi zima na wapimaji wote watatu, na sampuli 10 zitoke kwenye bechi zinazotofautiana kweli, zikiwemo zile zilizokaribia 4,000 na 5,500. Gawanyeni kila bechi kwenye makopo ya kutosha ili kila kipimo kiwe na kopo lake.

BiKemia

Nyongeza moja, kwa kuwa viwanda vya rangi huwa na praima (rangi ya kwanza ya msingi) pia. Spindeli namba 4 kwa mizunguko 20 ina upeo wa sentipoizi 10,000, na usahihi wa vifaa hivi hutajwa kuwa asilimia 1 ya upeo huo, yaani 100 kwenda juu au chini popote unaposoma. Kwenye 4,800 hiyo ni asilimia 2 tu ya jibu, lakini kwenye praima ya 1,200 inazidi asilimia 8, hata kama namba zinarudiana vizuri kabisa. Kwa praima tumia spindeli yenye sahani kubwa zaidi, yaani ya namba ndogo, ili usomaji usogee katikati ya upeo, na tathmini yake ifanyike peke yake. Usibadilishe mizunguko kwa ajili hiyo, maana rangi ya aina hii ina mnato mwingine kwa kila kasi, na utakuwa umebadilisha kiwango chenyewe.