"Nimekuuliza hali, sikukuuliza tabia!"

Mvita_Damu:
Mikono yanitetemeka bado, kwa hivyo herufi zikiruka mnisamehe. Huyo mtu mnamjua. Anayefanya kazi ya kliaringi, kutoa mizigo bandarini, mjini hapa na hamjui, basi kashuka melini leo. Yule anayevaa tai shingoni Februari nzima, jua la kukaushia papa!

Asubuhi ofisi imejaa wateja, mzee wa kahawa yuko mlangoni na dele lake. Jamaa kaingia: "How are you?" Nikajibu, "I'm good." Akasimama. Akainua kalamu. "Good? Nimekuuliza hali, sikukuuliza tabia!"

Mbele ya wateja! Mzee wa kahawa alicheka hadi kikombe kikafurika, kahawa ikachuruzika kwenye makaratasi ya kontena.

Nikamwambia basi, "I'm OK." Akasema hayo ni maneno ya vijiweni. Vijiweni? OK ilichapishwa gazetini Boston mwaka 1839, wakati reli hapa Mombasa ilianza kujengwa 1896! Yeye na ukoo wake walikuwa wapi? Sikukuuliza tabia! Kwa kalamu!

BiHarusi_Kuze:
Pole, kaka. Lakini kama kweli wewe ni good, pesa zangu za mahamri ziko wapi?

Mvita_Damu:
Dada, hapa tunazungumzia kudhalilishwa. ALIINUA KALAMU.

TichaTudor:
Mimi nafundisha Kiingereza. Baada ya "am", good, fine, well zote zakubalika. Well huegemea zaidi afya, mtu akitoka kuugua. Waingereza wengine husalimiana "You all right?" na hawangoji ripoti ya daktari. Huyo babu kakuonea. Ila ukikaribishwa chai ukajibu "I'm good", ujue umeikataa.

MamaBiriani:
Subhanallah! Ndiyo maana! Mke wa ndugu yangu kaja kutoka Marekani, namkaribisha biriani, aniambia "I'm good". Nikamjazia sahani. "I'm good, I'm good." Nikamwongeza paja la kuku! Mwana wa watu kala huku machozi yamlenga, nami nasema masikini, alikuwa na njaa.

Weita_Nyali:
Afadhali wewe, mama. Mimi mgeni nilimuuliza samaki alikuwaje, akasema "It was OK." Nikamshukuru kwa meno yote. Kumbe mtu akisema chakula kilikuwa OK huenda hakukipenda! Jioni meneja ananiita, mgeni kalalamika. Si angesema "bad" tukaelewana?

Mvita_Damu:
Jamani, turudi kwa kalamu. Wateja walikuwepo!

BiHarusi_Kuze:
Weita, samaki yenyewe ilikuwa mbichi? Manake mwezi jana nililetewa samaki changu, ndani bado ana damu.

Weita_Nyali:
Dada, mimi si mpishi. Jikoni kuna mtu mmoja huko, huyo nitamfungulia uzi wake.

TuktukLikoni:
Nyinyi mna raha, mwabishana Kiingereza. Mimi niko ferini na abiria wa hospitali, foleni haisogei, na askari aniambia "it's fine, it's fine". Fine ya nini?

TichaTudor:
Hapo anamaanisha tulia.

TuktukLikoni:
Nitulie na mgonjwa?

MamaBiriani:
Zunguka kwa barabara ya Dongo Kundu uiepuke feri, mwanangu.

TuktukLikoni:
Kwa petroli ya nani, mama?