Je, ni kweli kwamba nyota yenye mkia imegeuka na inarudi kuigonga Dunia?

Mama wa Umoja:
Nawasalimu nyote. Tangu Jumapili kundi letu la WhatsApp la jamaa linazungushiwa ujumbe wa sauti unaodai kwamba nyota yenye mkia ya 3I/ATLAS, iliyotupita Desemba 2025, imegeuka na inaijia Dunia, na kwamba wanasayansi wanaficha habari hizo. Umeambatana na video ya jiwe linalowaka moto juu ya mji. Ningeupuuza, lakini mwanangu wa miaka 10 aliusikia, na jana usiku nilipoingia kumfunika nilimkuta amelala na viatu vya shule, kamba zimefungwa. Nimweleze nini kilicho cha kweli, wala si cha kumbembeleza tu?

Mwalimu wa Fizikia, Kasarani:
Pole sana dada. Nyota hiyo (kwa kweli si nyota, ni kometi, ingawa mazoea yetu ni kuiita hivyo) iligunduliwa tarehe 1 Julai 2025 kwa darubini iliyoko Chile, na siku iliyotukaribia zaidi, tarehe 19 Desemba, ilikuwa umbali wa kilomita milioni 270 hivi, karibu mara mbili ya umbali wetu na Jua. Ilitoka nje kabisa ya mfumo wetu wa Jua, na kasi yake ni kubwa mno hata mvuto wa Jua hauwezi kuizuia isiondoke. Haina injini wala usukani. Ni bonge la barafu na vumbi, na gesi inayofoka inapopata joto huweza kuisukuma kidogo tu, si kuigeuza.

Sasa itazame tena ile video. Mkia wa kometi si moto, wala haufuati nyuma kama moshi wa matatu inayopanda mlima. Ni vumbi na gesi vinavyosukumwa na mwanga na upepo wa Jua (chembe ndogo mno zinazotoka kwenye Jua), na ndiyo maana huelekea upande ulio mbali na Jua, kiasi kwamba kometi inapoondoka, mkia wake hutangulia mbele. Weka taa mezani, funga utepe kwenye mpira, kisha mwache mtoto auzungushe mpira huo kuizunguka taa, ambayo ni Jua letu, huku akihakikisha utepe hauelekei taa.

Mkaazi wa Kitengela:
Mwalimu, nakuheshimu, lakini hofu hii haikutoka hewani. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya takriban kilo 500 ilianguka kijijini Mukuku, Makueni, bila wanakijiji kuonywa. Tutaaminije kwamba kometi haitakuja vivyo hivyo?

Mwalimu wa Fizikia, Kasarani:
Swali lako ni la haki, ndugu. Tathmini ya awali ya Shirika la Anga za Juu la Kenya ilisema pete ile ni kipande cha roketi, yaani takataka iliyoachwa na binadamu, na wana Mukuku wana kila sababu ya kulalamika. Kometi ni jambo jingine. Siwezi kusema kwamba hazigongi kamwe, kwani Julai 1994 vipande vya kometi ya Shoemaker-Levy 9 viliigonga sayari ya Mshtarii, lakini wanaastronomia walikuwa wamelitabiri hilo zaidi ya mwaka mmoja kabla.

Kuhusu kuficha, anga haina mlango wa kufungwa. Mmoja wa wagunduzi wawili wa kometi ya Hale-Bopp mwaka 1995, Thomas Bopp, hakuwa mwanasayansi wa serikali yoyote, tena hakumiliki hata darubini. Alikuwa akitazama kwa darubini ya rafiki yake. Uvumi wa namna hii ni wa kale: Mei 1910 Dunia ilipotarajiwa kupita katika mkia wa kometi ya Halley, watu waliuziwa vidonge vya kuwakinga na gesi yenye sumu, na hakuna aliyedhurika kwa mkia huo.

Mama wa Umoja:
Nashukuru sana. Umeme ulikuwa umepotea, kwa hiyo tulitumia tochi ya simu, na alizungusha mpira hadi utepe ukafunguka. Kisha aliniuliza Halley itarudi lini. Niliposema 2061, alihesabu kwa vidole na kuniambia kwamba atakuwa na miaka 45, kisha akataka kujua kama macho yangu yatakuwa bado yanaona vizuri.