Gemu za maandishi ambazo hazina rivyu, mnazichaguaje? Nipo Mafinga, baridi imenifungia ndani

Mti_Mkavu (Mafinga):
Wakuu kamwene. Naomba ushauri maana huku nikiuliza wananitazama kama nimechanganyikiwa. Mimi ni mgonjwa wa zile gemu za maandishi matupu, hakuna picha hakuna milio, unaambiwa upo chumbani na mlango uko kaskazini halafu wewe unaandika unachotaka kufanya. Nilianza na Zork ile ya 1980 kwenye laptopu ya kaka ambayo ilikuwa haifungui gemu nyingine yoyote, nikanogewa moja kwa moja. Sasa shida yangu, ukiingia IFDB, ile tovuti yenye orodha ya gemu hizi, ukapanga kwa zenye kura nyingi unaletewa zile zile, Photopia, Anchorhead, Counterfeit Monkey, zote nimeshamaliza. Mle ndani zimo zaidi ya 10,000 na nyingi zina rivyu moja au hazina kabisa, haiwezekani zote zikawa takataka. Ila nazichambuaje bila kukesha bure? Saa mbili usiku mtu nipo kwenye blanketi, muda ninao lakini sio wa kutupa.

FundiMwanjelwa:
Mkuu kosa lako ni hapo kwenye kupanga kwa kura. Geuza. Kwenye kisanduku cha kutafuta andika #ratings:1-5 utaletewa zile zilizopigiwa kura na watu wachache. Nyingi zitakuwa za hovyo nakwambia mapema, kwa hiyo ukifungua yoyote usianze kutembea, andika ABOUT au CREDITS kwanza. Mtunzi akiwataja watu waliomjaribia gemu kabla hajaitoa, kaa nayo. Asipotaja hata mmoja jiandae kukutana na mlango haufunguki kwa sababu jamaa alisahau kwamba watu wengine wataandika "sukuma" na sio "fungua". Mimi naipa dakika 15, ikinizingua naua.

Mama_Migomba (Tukuyu):
Kaka wa Mafinga, mimi njia yangu ni ya ndizi, na msicheke maana sisi wa Tukuyu tukisikia ndizi tunakuja wote.
Kuna shindano la gemu hizi linaitwa IFComp, lipo kila mwaka tangu 1995. Jaji ni mtu yeyote anayetaka, sharti upige kura angalau kwa gemu 5, na kila gemu unaihukumu kwa saa 2 za mwanzo tu. Mwaka 2020 ziliingia gemu zaidi ya 100. Haya niambie nani alizicheza zote? Watu wakishajua tatu za juu wanaondoka, zilizobaki zinafukiwa hivyo hivyo na uzuri wao. Sasa wana zawadi moja wanaiita Golden Banana of Discord, ndizi ya dhahabu ya mfarakano, wanaipa gemu iliyowagawa watu kuliko zote, huyu kaipa 10 yule kaipa 2. Wastani wake unaangukia katikati ya orodha huko, wewe unapita tu unasema ya kawaida hii. Wakati ya kawaida kwelikweli ni ile ambayo kila mtu kaipa 5, hiyo ni ugali wa jana, unashibisha na humkumbuki aliyeupika. Iliyowagombanisha watu mtunzi wake alithubutu kitu. Matokeo ya kila mwaka yana grafu ya kura kwa kila gemu, mimi natafuta yenye vilima viwili na bonde katikati. Nikiona hivyo nakaa chini nachemsha chai.

Baridi_Njombe:
Dada umenikosha na vilima. Na hizo saa 2 unazosema zinaziua sana gemu ndefu, zile zinazoanza polepole kama lori la mbao linapanda mlima, jaji anafika muda umeisha hata hajatoka kijijini. Kwa hiyo ukiona ndefu iko nafasi ya 40 huko usiidharau.

KijanaWaKihesa:
Mnaongea mbinu tu, tajeni majina jamani

FundiMwanjelwa:
@KijanaWaKihesa majina nikikutajia zitaacha kuwa za kufichika 😂 Haya, chukua mtunzi unayempenda halafu shuka chini kwenye orodha yake. Kila mtu anamjua Emily Short kwa Galatea ya 2000, lakini ana City of Secrets ya 2003 na Best of Three ya 2001, wanaozitaja hizo ni wachache. Andrew Plotkin hivyo hivyo, watu wanaishia kwenye Spider and Web, wewe mtafutie Delightful Wallpaper ya 2006.

Mwl_Makambako:
Mimi Kiingereza cha kuandika amri kinanichosha, naandika neno sahihi halafu inanijibu haijui neno hilo, basi mtu mzima nabaki nabishana na simu. Nikahamia zile za kubonyeza, zilizotengenezwa kwa Twine, ile programu ya kutungia hadithi za kubonyeza. Kwenye tovuti ya Itch.io zimejaa na wengi wa watunzi hawana hata komenti moja. Bando pia halisumbui, ni maneno tu.

Mti_Mkavu (Mafinga):
Nawashukuru sana, dada wa migomba wewe nakudai chai ya Mufindi. Nimepitia grafu za miaka mitatu jana, nimepata moja ina vilima viwili kama alivyosema, nimeingia saa tatu nikatoka saa nane usiku. Waliompa 2 nawaelewa kabisa, saa nzima ya kwanza unazunguka ghala la nafaka hakuna kinachotokea. Ila waliompa 10 nao nawaelewa. Tatizo nimekwama, na kwa vile haina wachezaji hakuna wa kumuuliza.

Mama_Migomba (Tukuyu):
Ndo ubaya wake huo kaka. Jaribu tovuti ya CASA, wanakusanya majibu ya gemu za zamani na mpya, mengine yameandikwa na watu ambao sijui wanalala saa ngapi. Ukikosa, pale IFDB angalia kama mtunzi mwenyewe ameweka faili la msaada pembeni ya gemu. Umekwama wapi?

Mti_Mkavu (Mafinga):
Ghalani, taa imeniishia mafuta na kibiriti nilikitupa mwanzo nikaona hakina kazi. Na huku umeme ndo umekatika sasa hivi, laptopu ina asilimia 11. Nielekeze haraka dada

Mama_Migomba (Tukuyu):
Kibiriti hakitupwi popote duniani. Andika UNDO mpaka ukione tena.

Mti_Mkavu (Mafinga):
Inarudi hatua moja tu 😭