Alama nimeshazituma KNEC, sasa nizifanyie nini darasani?

Mwalimu wa Gredi ya 4, Ahero
Walimu, hamjambo. Nimemaliza kujaza alama za Hisabati kwenye tovuti ya KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya. Karibu nusu ya darasa wako "kukaribia matarajio", yaani hawajafikia kiwango kinachotarajiwa. Mkuu wa shule anataka mpango wangu, nami naona orodha ya majina na viwango tu. Watoto ni 64. Nianzie wapi?

Mwalimu mstaafu, Kakamega
Dada, weka viwango kando, rudi kwenye karatasi zenyewe. Kiwango kinakwambia mtoto amekwama, hakisemi amekwama wapi. Chukua swali moja, tuseme 402 − 178. Aliyeandika 376 anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, iwe juu au chini: 8 toa 2, 7 toa 0, 4 toa 1. Aliyeandika 334 anajua kukopa kumi kutoka tarakimu ya kushoto, ila pale alipokopa hapunguzi. Wote wamekosa, lakini hawahitaji somo moja. Wa kwanza mpe vijiti na mafungu ya kumi, ashike kwa mikono yake. Wa pili mwambie ajumlishe 334 na 178. Akipata 512 badala ya 402 atashtuka mwenyewe.

Kwa hiyo piga jedwali daftarini: majina yashuke, maswali yaende kulia, na ndani uandike jibu alilotoa mtoto, si alama ya vema au kosa. Najua jioni umechoka. Fanya hata kwa maswali matano. Kisha gawa makundi kwa aina ya kosa, na uyavunje kosa likiisha. Nakuomba sana hapo: mtoto asikae kundi moja muhula mzima hadi wenzake wampe jina.

Mama wa Gredi ya 5, Nakuru
Mwalimu, tafadhali orodha hiyo yenye majina isiingie kwenye grupu ya WhatsApp ya wazazi. Wangu alitajiwa alama zake na watoto wa jirani kabla mimi sijaziona, akalia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda watoto pia. Niite mimi, nionyeshe karatasi ya mwanangu.

Mwalimu wa Gredi ya 4, Ahero
Nimekuelewa, mama. Mwalimu, 376 zimejaa! Na wengi wao rejista inaonyesha hawakuwepo wiki ya mafuriko, tulipofundisha kukopa. Niwatenge?

Mwalimu mstaafu, Kakamega
Hao hawajakosea, hawakufundishwa. Wafundishe upya kwanza, ndipo uwapime.