Hisa 50 kwa 50 na mume: je, hii ni biashara ya mwanamke?

Mtoto wa Kambi, Lira
Hamjambo wapendwa. Kiswahili changu ni cha kambini, baba alikuwa mwanajeshi, mnivumilie. Nakamua mafuta ya kokwa za mti wa shea, haya Waacholi na Walango huita moo yaa, pamoja na akina mama sita. Kokwa tunanunua Otuke. Mafuta ya kwetu ni laini kuliko yale ya Afrika Magharibi, na watu wa vipodozi wanayatafuta kwa ulaini huo.

Sasa kampuni moja ya Ulaya imenitumia fomu ya wauzaji. Kurasa kumi na moja! Alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, ninayo, namba ya kodi ninayo. Nimekwama ukurasa wa nne: cheti kwamba mwanamke anamiliki angalau 51%. Nilipoandikisha kampuni URSB, kwa msajili wa kampuni wa serikali, nilimpa mzee wangu, yaani mume, nusu, maana kiwanja ni chake na benki ilitaka jina lake. Hajawahi kushika hata kokwa moja. Halafu chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: malipo baada ya siku 90. Nifanyeje?

Dada wa Busia
Hongera mama, na pole. Waulize kwanza wanakubali cheti cha nani. Wengi hutaka cha WEConnect International, shirika linalothibitisha biashara za wanawake. Kujiandikisha kwao ni bure, lakini kujiandikisha si kuthibitishwa. Cheti kinalipiwa na wanakagua. Usichanganye na ile 30% ya tenda za serikali inayotengewa wanawake, vijana na wenye ulemavu huku kwetu Kenya, hayo ni mengine.

Kama hisa ni 100, moja tu ikihama unafika 51. Azimio la kampuni, hati ya kuhamisha hisa, ushuru wa stempu, kisha URSB. Mimi kwenye ukaguzi wa cheti sikuangushwa na hisa. Niliangushwa na benki: hundi haikupita bila saini ya shemeji yangu. Mkaguzi akaniuliza, "Sasa bosi nani?" Hata mwongozo wa 2021 wa ISO, shirika la viwango la kimataifa, unataka mwanamke awe mtia saini wa hati na akaunti.

Mzee wa Ankara, Kampala
Maswali hayo yana sababu. Nimeandika hesabu za kampuni ambazo mke yupo kwenye karatasi tu, hajui hata bei ya mali anayouza. Wewe utajibu bila kufikiri.

Kinachonitisha ni siku 90. Ukinunua kokwa Mei, ukasafirisha Julai, pesa utaiona Oktoba. Mama wa Otuke ana karo ya mtoto, atakusubiri? Atamuuzia mchuuzi wa kwanza mwenye noti mkononi. Kabla ya kutia saini, omba nusu ya malipo oda inapotoka, au siku 30. Usimwombe mhasibu wao, yeye hana ruhusa. Mwandikie anayesimamia mpango wa wauzaji wanawake. Yeye ana hesabu ya kuwaonyesha wakubwa wake, anakuhitaji.

Mtoto wa Kambi, Lira
Asanteni sana. Nimemweleza mzee jana baada ya chakula. Akacheka: "Hisa moja tu? Nilidhani unataka kiwanja." Nikapata nguvu, nikataja saini ya benki. Hapo akawasha redio. Barua ya siku 30 nimeshaituma, ya benki nangoja Jumapili.