Naomba ushauri: dashibodi ya mauzo inachelewa kuonyesha takwimu
Ndugu wanachama, naomba msaada wenu. Ninatengeneza dashibodi ya mauzo kwa Power BI (programu ya Microsoft ya kuchambua data na kuionyesha kwa chati), inayosoma hifadhidata moja kwa moja bila kunakili data ndani ya programu hiyo, na kila mtumiaji anapobadilisha kichujio hulazimika kusubiri karibu nusu dakika. Nimepunguza chati kutoka 14 hadi 6, kisha nikapanga data upya kwa muundo wa nyota, yaani jedwali la miamala likizungukwa na majedwali ya tarehe, bidhaa na wateja. Nafuu ipo, lakini haitoshi. Kunakili data yote ninasita, kwa kuwa watumiaji wanahitaji takwimu za saa hiyo hiyo. Je, ninaweza kunakili miamala ya zamani na kuacha ya leo pekee isomwe moja kwa moja? Na kwenye hifadhidata, nianze kuweka faharasa (index, inayosaidia hifadhidata kupata data haraka) katika safu wima zipi?