Mjadala: Sheria ya ardhi ya Carranza ya 1915 iliwasaidia wakulima wa Mexico au iliwafunga mikono?

Mleta mada: Wengi humpa Venustiano Carranza, kiongozi wa upande mmoja wa Mapinduzi ya Mexico na baadaye rais, sifa kwa sababu sheria yake ya Januari 6, 1915 ndiyo iliyozaa Ibara ya 27 ya Katiba ya 1917, inayohusu ardhi. Mimi nakataa. Ilitolewa katikati ya vita ili kumpokonya Emiliano Zapata, kiongozi wa wakulima waasi wa jimbo la Morelos, wafuasi, na utaratibu wake unaonyesha hivyo. Kijiji kinamwomba gavana, gavana analipeleka ombi kwenye tume ya jimbo, likikubaliwa wanapewa umiliki wa muda, kisha jalada linapanda tume ya taifa hadi rais atie saini. Septemba 1916 Carranza akasimamisha umiliki wa muda. Yaani kijiji kinasubiri saini huku bwana mwenye shamba kubwa anavuna. Mpango wa Ayala, tamko la Zapata la Novemba 1911, ibara ya 6, ulisema kijiji chenye hati ya ardhi yake iliyoporwa kiingie shambani mara moja, na bwana mwenye madai aende mahakamani mapinduzi yakishashinda. Mzigo wa ushahidi ulikuwa wa bwana.

Mchangiaji wa pili: Mkuu, soma na ibara ya 7. Ayala ilichukua theluthi moja tu ya mashamba makubwa, tena kwa fidia iliyolipwa kwanza. Theluthi mbili zilizobaki zilitaifishwa kwa waliopinga mpango tu. Halafu hati zenyewe ni za enzi ya utawala wa Hispania: nyingine zimepotea, nyingine zinagongana na za kijiji jirani. Mbali na kurudishiwa ardhi kwa hati, sheria ya Carranza ilifungua mlango wa pili, kupewa ardhi kwa sababu ya uhitaji bila kuonyesha hati ya kale. Huko mbele vijiji vingi vilipata ardhi kwa mlango huo, si kwa kurudishiwa.

Mchangiaji wa tatu: Tuache karatasi, tuangalie Morelos 1915. Manuel Palafox, waziri wa kilimo wa upande wa Zapata, alileta vijana wa shule ya taifa ya kilimo kupima mipaka ya vijiji zaidi ya mia. Palipokuwa na ukuta wa mawe ambao wanakijiji waliutambua kuwa mpaka, Zapata aliwataka wapimaji waufuate na kona zake zote, hata kama kazi ingechukua miezi sita, badala ya kunyoosha mstari. Hilo naliheshimu sana. Mstari ulionyooka ni rahisi kwa mpimaji, lakini unakata kisima huku na malisho kule, na ugomvi unaanza upya.

Tatizo lilikuwa pesa. Wakulima walitaka mahindi na maharage. Zapata aliwasihi walime miwa, kwa sababu viwanda vya sukari vilivyofufuliwa ndivyo vingelipia jeshi. Miwa haikutosha. Mwaka 1916 majeshi ya Pablo González, jenerali wa Carranza, yakaingia, yakapora viwanda.

Mchangiaji wa nne: Wote mmewasahau vibarua walioishi ndani ya hasienda, yaani mashamba makubwa ya mabwana. Hawakuwa kijiji kisheria, kwa hiyo hawakuweza kuomba ardhi hadi sheria za miaka ya 1930. Mabwana nao walikimbilia mahakamani kuzuia ugawaji, mpaka njia hiyo ilipofungwa mwishoni mwa 1931. Hata Rais Cárdenas alipogawa mashamba ya pamba ya La Laguna, kaskazini mwa Mexico, Oktoba 1936, kila bwana aliruhusiwa kubaki na hekta 150 za umwagiliaji, tena azichague mwenyewe. Walichagua zenye visima. Mkulima akapata takribani hekta nne na foleni ya maji.

Mleta mada: Ndugu wa pili, mlango wa uhitaji nakubali ulikuwa mkubwa. Lakini ulifunguka lini Morelos? Zapata aliuawa Chinameca Aprili 10, 1919. Mwaka uliofuata watu wake walimuunga mkono Jenerali Obregón dhidi ya Carranza, ndipo Genovevo de la O, jenerali wa Zapata, akawa kamanda wa jeshi la jimbo, na daktari José Parres, aliyekuwa wa kambi ya Zapata, akawa gavana. Hapo maombi yakaanza kupita kwa kasi. Ngazi zilikuwa zilezile: gavana, tume, rais. Kilichobadilika ni nani anapokea ombi na nani ana bunduki. Anayeamini sheria ilitosha, aniletee jimbo ambalo vijiji vilipata ardhi ya kutosha kabla ya 1920 bila kushika silaha.